Hesabu ya Askari Mmoja

Lodwar, 3 Februari 2025

Dada Amoni,

Ejok. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji Ekiru na mtoto Nakwawi. Nimeona niandike kwa kuwa ulinikataza kupiga simu, ukasema ikilia tu Ekiru anajitupa chini. Nitakuwa nampa barua Abdiqani, yule dereva wa lori anayeleta unga na sukari Kakuma, naye atakuachia hapo hotelini unapopika.

Nimepata kazi. Ni ya miezi minne tu, lakini ni ya meza na kiti. Wamekuja wataalamu wa hesabu kutoka Nairobi, wanataka kukadiria askari mmoja anaigharimu nchi kiasi gani tangu siku anapoandikishwa mpaka siku mjane wake anapozikwa. Hawataki mshahara na sare peke yake. Wanataka matibabu ya baada ya vita, dawa, miguu ya bandia, pensheni, karo za watoto, kwa miaka arobaini au hamsini mbele. Mkubwa wetu anasema watu huhesabu risasi na mafuta ya magari, vita vikiisha wanafunga daftari, kumbe askari amerudi nyumbani na gharama yake ndiyo kwanza inaanza.

Mimi natafuta familia za askari walio majumbani hapa Turkana, zinajaza fomu. Zinatakiwa thelathini. Nimepata kumi na moja. Nilipomtaja Ekiru, kwamba alipigwa na mlipuko Somalia na sasa yuko nyumbani, mkubwa alisema huyo ndiye hasa tunayemhitaji.

Fomu iko ndani ya bahasha, kurasa tano, maswali ni ya Kiswahili. Jibu kwa Kiswahili pia, majibu nitayatafsiri mwenyewe. Ukiweza, weka pia nakala ya barua yake ya kutoka jeshini ili namba yake ya kazi isikosewe.

Jambo hili likienda vizuri, dada, huenda likatusaidia sote.

Mdogo wako,
Erot

Kakuma, 12 Februari 2025

Mdogo wangu Erot,

Ejok-noi. Nimefurahi umepata kiti.

Fomu nimejaza. Ekiru alikaa karibu yangu, akataka nimsomee kila swali, na mengine nimsomee mara mbili. Hatuna shida kubwa. Anakula, anatembea, anaongea na watu. Barua yake ya jeshi iko kwenye sanduku lake la vitu vyake na ufunguo anao yeye. Nikiipata nitaituma.

Mwambie Abdiqani asiniachie kitu hotelini tena. Nimeacha kupika pale, moshi ulikuwa unanisumbua macho. Amwachie Félicité, yule muuguzi Mkongo wa kliniki ya kambini, tunajuana. Nakwawi nimempeleka kwa mama yetu, huko Kataboi. Huko ziwani samaki ni rahisi, atanenepa.

Usijisahau kula kwa sababu ya kazi.

Dada yako,
Amoni

Lodwar, 19 Februari 2025

Dada Amoni,

Fomu nimeipokea, nayo haina kitu ndani. Swali la anayemtunza umeandika "hakuna". Swali la usingizi umeandika "analala". Mkubwa aliitazama, akaniambia kwa upole tu kwamba kwa fomu hii askari huyu haigharimu nchi hata kikombe cha chai.

Halafu jana Abdiqani alinieleza mambo. Amesema Ekiru alimsimamisha barabarani, nje kidogo ya Kakuma, mkono juu, akamwamuru ashuke na turnboi wake, akakagua chini ya lori kwa kijiti. Amesema wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mumeo na mwavuli na chupa ya maji, na ulimpa yeye Abdiqani ishara kwamba akubali tu, haitachukua muda. Amesema madereva wote wa barabara ya Lokichoggio wanalijua jambo hilo.

Madereva wote wanajua, isipokuwa mimi niliyezaliwa nawe tumbo moja.

Nakutumia fomu nyingine, na moja ya akiba. Ijaze ukiwa peke yako. Ukiandika kwamba hana shida, dada, basi kwa watu hawa hana shida.

Erot

Kakuma, 28 Februari 2025

Mdogo wangu,

Nimekaa kliniki kwa Félicité ninaandika, ameniazima meza yake. Nitasema yote mara moja, usiniulize tena.

Ekiru halali. Anasinzia kidogo alfajiri akiwa amekaa, mgongo ukutani. Kukipambazuka anavaa buti, anakwenda barabarani, anasimamisha magari. Siku nzuri anakagua matatu au manne kisha tunarudi. Siku mbaya tunakaa mpaka jua la saa tisa. Lazima niwe pale kwa sababu si kila dereva anamjua. Mwezi wa Desemba alikuja mgeni na gari la mizigo, hakutaka kusimama, Ekiru akaruka pembeni, akaumia bega. Hotelini sikuacha kwa sababu ya moshi. Mwenye hoteli ni mtu mwema, lakini mtu anayekuja kupika siku mbili kwa wiki si mpishi.

Nakwawi sikumpeleka Kataboi kwa sababu ya samaki. Alidondosha sufuria. Ekiru alimkamata akamlaza chini, akamfunika na mwili wake, akamkandamiza hivyo muda mrefu, anamwambia nyamaza, nyamaza. Alikuwa anamlinda. Mtoto alikosa pumzi. Nilipomvuta, mkono wangu uliingia kwenye jiko. Umepona, lakini vidole viwili havikunjiki vizuri. Baadaye Ekiru alilia kutwa nzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema mtoto aondoke.

Sikukuambia kwa sababu yeye ni mwanamume mwenye heshima zake, na wewe ungekuja ukamtazama kwa macho ya huruma. Hilo hawezi kulivumilia.

Barua ya jeshi nimeipata, hii hapa. Alisahau ufunguo kwenye suruali. Ni Kiingereza na mimi niliishia darasa la sita, kwa hiyo sijui inasema nini. Yeye huniambia kwamba malipo ya majeraha yanacheleweshwa na foleni ya karatasi, yatakuja. Miaka sita sasa.

Kuna jambo jingine. Félicité ameniulizia nafasi Kitale, kwa watawa wenye nyumba ya wagonjwa kama Ekiru. Wangemchukua miezi mitatu bila malipo, na kuna daktari wa mambo ya kichwa. Ekiru hajakataa, na kwake huko ni kukubali. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Machi. Lakini kama serikali inakuja kupitia kwenu, naogopa waje wakose kumpata nyumbani, waseme hayupo. Wewe uko na wakubwa, niambie. Nifanye nini?

Amoni

Lodwar, 7 Machi 2025

Dada,

Fomu sasa imejaa. Mkubwa ameisoma yote amesimama, akasema ndiyo fomu bora kuliko zote alizopata. Ameongeza mstari mpya kwenye kompyuta kwa ajili ya kazi ya mke.

Kuhusu Kitale, usifanye haraka. Subirini kidogo mkiwa nyumbani. Mambo yakiwa tayari nitakuarifu.

Pole kwa mkono.

Erot

Kakuma, 2 Aprili 2025

Mdogo wangu Erot,

Nimemwambia Félicité kwamba tunasubiri ya serikali. Aliniuliza mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mama Nakwawi, kitanda haitangoja." Nikamjibu kwamba ndugu yangu yuko huko ndani na ndiye aliyesema tusubiri. Wamempa mtu wa Lokichoggio.

Joto limekuwa kali na mimi nimechoka, lakini nikimwambia Ekiru kwamba hesabu zinaendelea Lodwar anatulia kidogo. Alitaka ile fomu ya akiba iliyobaki tupu. Anaisoma, anaikunja, anaiweka mfukoni. Ameniuliza wanakuja mwezi gani. Na mimi nakuuliza, wanakuja mwezi gani?

Amoni

Kakuma, 24 Aprili 2025

Kwa Bwana Erot, Lodwar

Shemeji,

Ni mimi Ekiru ninayeandika. Ni saa tatu asubuhi, kichwa changu kiko sawa. Nikiwa siko sawa huwa najua baadaye, kwa hiyo naandika sasa. Dada yako yuko kisimani. Barua hii naipeleka mwenyewe kwa Abdiqani, lori lake liko steji.

Dada yako amekueleza mambo yangu. Simlaumu. Lakini hakukueleza jambo moja kwa sababu halijui. Nilikuwa kwenye kizuizi cha barabara, kule Somalia. Lilikuja gari lenye wanawake na mgonjwa, nikaliruhusu lipite bila kukagua, kwa sababu mgonjwa alikuwa analia. Gari lile ndilo lililolipuka, mita mia mbili mbele, walipokuwa wenzangu. Mimi nilipata kishindo tu. Walipotuuliza hospitali, nilisema sina kitu. Mwaka mmoja baadaye niliomba mwenyewe kuondoka kazini. Hakuna aliyenifukuza. Daktari alinitaka nibaki nipimwe, nikakataa, kwa sababu angeuliza na mimi ningelazimika kusema. Amoni nilimwambia karatasi zinachelewa. Karatasi hizo hazijawahi kuwapo.

Sasa swali. Fomu yenu, ukurasa wa tano, inauliza mjane atalipwa kwa miaka mingapi. Nimeisoma mara nyingi. Hakuna mahali panaposema askari aliyeondoka kwa ombi lake hayumo. Naona kwamba nikiwa hai sisi ni mzigo bila malipo, na kwamba mjane ana ukurasa wake. Nataka kujua, askari akifa mwaka huu, mjane anaanza kulipwa mwezi gani? Na mtoto?

Nijibu mimi, usimjibu dada yako. Usichelewe kwa maana nimepanga mambo yangu vizuri na sitaki yaharibike.

Ahsante.

Ekiru

Lodwar, 25 Aprili 2025

Shemeji Ekiru,

Abdiqani amenigongea mlango alfajiri. Ninakuandikia naye amesimama, injini inanguruma, amekubali kugeuza lori kabla hajapakia mzigo.

Unaniuliza mwezi gani. Hakuna mwezi. Ukifa, Amoni hapati kitu. Nakwawi hapati kitu. Nilisoma barua yako ya kutoka jeshini tangu mwezi wa tatu, inasema umeondoka kwa ombi lako. Mkubwa wetu naye aliisoma. Katika hesabu yao wewe umewekwa upande wa waliokwisha kuondoka, na mbele ya jina lako pameandikwa sifuri mpaka mwisho wa mstari. Ukurasa wa tano haukuhusu. Na hata ungekuhusu, fomu ile hailipi mtu. Ni utafiti. Inakwenda kuwa kitabu.

Nakuomba unisikie. Ukiondoka hakuna utakachomwachia Amoni isipokuwa kukuosha na kukuzika, na mtoto atakayefikiri ni kwa sababu ya sufuria. Hakuna faida yoyote. Nimepiga hesabu hiyo na hakuna.

Kama kuna mtu wa kulipa, ni mimi niliyewadanganya. Nikasirikie mimi. Njoo Lodwar unikamate shati.

Kaa, shemeji. Tafadhali.

Erot

Lodwar, 25 Aprili 2025

Dada Amoni,

Hii isome kwanza. Ile nyingine ni ya Ekiru. Yeye ndiye aliyeniandikia, na anafikiri akifa wewe utalipwa. Usimwache peke yake hata dakika. Muite Félicité. Nimekupigia simu, imezimwa.

Hamtapata kitu. Nilijua tangu nilipopokea ile barua ya Kiingereza. Ekiru aliomba mwenyewe kutoka, hakuna malipo yaliyochelewa. Na kazi yetu haimletei mtu msaada, haikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Wewe ulipodhani ni msaada nilikuacha udhani, kwa sababu ulipodhani hivyo uliandika vizuri.

Na Kitale. Fomu zilitakiwa za askari anayetunzwa nyumbani. Angekwenda kwa watawa ningebaki na ishirini na tisa. Kwa hiyo nilikuambia usubiri.

Nimeandika haya haraka kwa sababu nikitulia sitayaandika.

Erot

Kakuma, 4 Mei 2025

Erot,

Yuko hai. Nimesubiri siku tisa nikuambie, kwa sababu nilitaka na wewe usilale.

Abdiqani alifika kabla ya saa nne, akanikuta njiani naenda kliniki. Nilisoma yangu palepale barabarani. Ekiru hakuwapo. Alikuwa ameniambia siku ile hataki kwenda kukagua, niende kliniki nikapumzike, nami nikamshukuru. Nilirudi nyumbani, nikakuta buti zake zimepakwa rangi zimewekwa mlangoni, na redio yake amempa jirani yetu Nyaruach, akamwambia atunze betri. Nyaruach alikuwa ameshika redio ile kama mtoto mgonjwa, hakujua kwa nini ameogopa. Mumewe naye alikuwa askari huko kwao Sudan Kusini. Tulikwenda pamoja, yeye juu ya laga, ule mto mkavu, na mimi chini, tunaita.

Nilimkuta mimi. Alikuwa amekaa kwenye mchanga chini ya mti wa mathenge, miguu mitupu. Sitaandika alikuwa na nini mkononi. Sikumgusa. Nilikaa kando yake, nikampa barua yako, nikamwambia ni jibu lako. Aliisoma polepole na kidole. Akaisoma tena. Kisha akaniuliza, "Hata mwezi mmoja?"

Nikamwambia, "Hata mmoja."

Akakaa. Jua likafika juu yetu. Baadaye akasema ana kiu, tukarudi nyumbani nikamchemshia chai. Aliniambia yeye mwenyewe habari ya lile gari lililopita na ya kuomba kutoka. Nilimsikiliza. Nikamwongezea sukari.

Nilimwuliza Félicité habari za Kitale. Kitanda kina mtu, na nyuma yake kuna watu kumi na wanne wanaongoja. Pia yeye mwenyewe kazi yake inaisha Juni, kliniki inapunguza watu. Amemwandika Ekiru wa kumi na tano. Hata ukilia hakuna wa kumhonga, ni watawa.

Kwa hiyo wewe na mume wangu wote wawili mlijua, na mimi ndiye niliyeshika mwavuli. Yeye namwelewa. Wewe bado.

Sitaki pole yako. Kazi yako ikiisha njoo ukae na Ekiru. Mimi nakwenda Kataboi kumwona mtoto wangu. Nimesema siku tano. Nakuambia wewe kwa sababu huna haki ya kunisema: sijui kama nitaweza kurudi.

Amoni

Kakuma, 29 Mei 2025

Dada Amoni, kwa mama, Kataboi

Ejok. Nampa barua hii mama mmoja anayechukua samaki wakavu huko kwenu, amesema atakufikishia mwenyewe.

Nimekuwa hapa siku kumi na tisa. Kazi iliisha. Niliacha nakala ya rasimu ya kitabu juu ya meza, sikuichukua. Ulichoandika kimo ndani, nusu ukurasa, bila jina lako wala la Ekiru, na chini yake wameandika kwamba gharama za namna hii hazikuweza kukadiriwa.

Ekiru anakula ninachopika. Anasema uji wangu una mabonge, lakini anamaliza. Buti zimerudi miguuni. Wiki ya kwanza hakuongea nami. Alinitazama tu, nami nikatazamwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi tangu Lodwar, na sikupata mahali pa kuyaweka.

Usiku anakaa ukutani kama ulivyosema. Nilijaribu kukaa naye, nikalala. Sijui uliwezaje. Nimepika siku mbili pale hotelini kwako, halafu mwenye hoteli akaniambia kwa heshima kile alichokuambia wewe. Félicité anapakia vitu vyake. Kitale wamefika mtu wa pili kwenye orodha.

Juzi, siku mbaya, alisimamisha basi lenye watu wengi. Kijana mmoja ndani alicheka na kupiga picha. Niliinua mkono nimpige kijana yule, Ekiru akanishika. Alinivuta mpaka kivulini. Hapo ndipo alipoongea nami kwa mara ya kwanza kama tulivyokuwa tunaongea zamani.

"Dada yako hajarudi," akasema.

Nikamwambia bado, yuko na mtoto.

"Asiitwe," akasema. "Akae mpaka aamue mwenyewe. Umwandikie hivyo."

Nimekuandikia hivyo.

Leo asubuhi amenionyesha mahali pa kusimama. Nilikuwa nasimama vibaya, mbele ya gari. Ameniambia nisimame pembeni, upande wa dereva, hatua tatu kutoka kwenye lami, ili dereva akikataa kusimama nipate nafasi ya kuruka. Amenipanga mabega kwa mikono yake miwili, akarudi nyuma akanitazama, akasema sawa. Yamepita magari sita. Mawili yalisimama. Alipomaliza kukagua la pili alimshukuru dereva, akampa ruhusa ya kuendelea, na tukakaa tena kando ya barabara kungoja lingine.

Unga upo. Maji nateka. Nakwawi msalimie, mwambie mjomba yuko kwa baba.

Erot